Radhi Alizoombewa Tamaki

Dada yangu Tamaki alizaliwa nyuma ya mashine nane za kufuma, na hilo silisemi kwa mapambo. Mama alishikwa na uchungu akiwa bandani, akamalizia kipande cha kitambaa alichokuwa nacho, akazizima mashine moja baada ya nyingine, ndipo akamwita baba. Tamaki mchanga alilala vizuri mchana, mashine zikigonga, na akalia Jumapili, siku ya kimya. Mtaa wetu wote ulikuwa hivyo. Nyumba kumi na mbili kwenye njia nyembamba inayopanda kutoka mtoni, kila nyumba na banda lake nyuma, na tangu saa moja asubuhi mpaka jioni hukuweza kumwita mtu bila kumshika bega. Wazee wa kwetu leo wengi hawasikii vizuri. Wanazungumza kwa sauti kubwa na kudhani wananong'ona.

Biashara ya vitambaa ilipokufa, mabanda yalinyamaza moja moja. La kwetu lilinyamaza mwaka baba alipofariki. Mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Wakati huo Tamaki alikuwa tayari Ubelgiji na Chizuru.

Chizuru alimpata chuoni. Mmoja anapiga ngoma, mwingine gitaa, na wakajiita Hachidai, yaani mashine nane. Sijui niueleze vipi muziki wao kwa mtu ambaye hajausikia. Gitaa la Chizuru linanguruma kama bati linaloburutwa juu ya lami, ngoma za dada zinakuja chini yake bila huruma, halafu katikati ya vurugu hiyo Chizuru anaimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na paka wake, wimbo mtamu ambao mtoto angeweza kuukumbuka. Ukisikiliza mara moja unaziba masikio. Ukisikiliza mara ya tatu unajikuta unauimba ukiosha vyombo.

Waliishi mji wa Ghent miaka kumi na moja. Tamaki aliosha sahani kwenye jiko la hospitali, Chizuru akawafundisha watoto piano, na wikiendi wakapiga kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na mara moja kwenye kanisa lililoachwa. Walitoa santuri tatu. Kisha jengo walilokuwa wakifanyia mazoezi likauzwa, kibali cha Chizuru hakikuongezwa, na wote wawili walikuwa wametimiza miaka arobaini na minne. Tamaki alinipigia simu mwezi wa nne.

"Fumino," alisema, "sisi tuna banda."

Huo ndio ulikuwa mpango wote. Jijini hawangeweza kupangisha chumba ambacho mtu anaruhusiwa kupiga ngoma bila kuhesabiwa dakika. Nyumbani kulikuwa na banda tupu lenye kuta nene na sakafu iliyozoea mtikisiko. Wakilikosa banda lile, Hachidai ingekwisha, na kila mmoja angekwenda kivyake kutafuta kazi ambayo haipendi. Alinieleza hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Nilimpigia mama, naye akakubali palepale. Banda ni tupu, alisema, waje. Kisha akakata simu, akavaa viatu, akaenda kwenye duka la keki karibu na daraja na kuagiza maboksi kumi na moja ya keki za maharage matamu, kila boksi limefungwa kwa karatasi ya zambarau na uzi mweupe.

Mimi ndiye niliyeyabeba. Nafanya kazi kwenye maktaba ya mji na naishi karibu. Mama akihitaji mikono, mikono ni yangu. Tulipita nyumba hadi nyumba. Mama aliinama mlangoni na kusema kwamba binti yake anarudi na makelele yake, kwamba atawasumbua, kwamba anaomba radhi mapema. Mwenye nyumba alikataa boksi mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, mara ya tatu akalipokea kwa mikono miwili. Basi. Kwetu aliyekula keki yako hawezi tena kukulalamikia. Mambo yetu yamekwenda hivyo siku zote na sikuona ubaya.

Ubaya ulianzia nyumba ya mwisho, kwa Mzee Okuzawa. Alikuwa fundi wa kutia rangi nyuzi. Sasa ni mwenyekiti wa mtaa, na hana shughuli nyingine. Yeye hakulipokea boksi mara ya tatu. Aliuliza kwanza. Watapiga siku gani? Madirisha je? Wageni watakuja? Mpaka lini? Mama, mgongo wake ukiwa bado umeinama, akajibu kila swali kabla ya kulifikiria: Jumapili tu, lisaa limoja, madirisha yamefungwa, hakuna wageni, mpaka majani yatakapoanza kuwa mekundu mwezi wa kumi, kisha wasichana watatafuta kazi za maana. Okuzawa akapokea boksi.

Nilitazama viatu vyangu. Njiani kurudi sikumuuliza mama sababu. Wala sikumwambia Tamaki. Ningeweza kuandika kwamba nilisahau, lakini sikusahau.

Walifika mwezi wa tano mwishoni, na mwezi wa sita wote walisafisha banda. Walikwangua mafuta ya zamani sakafuni. Walipanda ngazi na kupangusa boriti, na manyoya ya nyuzi yakawaangukia vichwani kama theluji chafu. Tamaki alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu utoto. Alikula wali bakuli tatu, akamtania mama, akamwita Chizuru bosi. Wakapanga onyesho la kwanza la kurudi kwao nyumbani: Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, saa nane mchana, masaa mawili, madirisha wazi, kwa sababu banda halina kiyoyozi na mchana linakuwa kama tanuri. Chizuru alichora bango kwa mkono. Walilibandika kwenye nguzo ya daraja, na marafiki wa mjini wakaandika kwamba watakuja.

Alhamisi kabla ya onyesho, Tamaki alipeleka takataka kwenye kituo cha mtaa. Mzee Okuzawa alikuwa pale kama kila Alhamisi, anakagua kama watu wameosha chupa zao kabla ya kuzitupa. Dada alinisimulia baadaye neno kwa neno, na namwamini, kwa sababu Tamaki akikasirika hasahau kitu.

"Tamaki, lile bango la darajani ni lenu?"

Alisema ndiyo, na akamkaribisha.

"Linasema masaa mawili, na wageni. Mama yako alituambia lisaa limoja, bila wageni."

"Mama alisema wapi hayo?"

"Mlangoni kwangu. Mlikuwa hata hamjatua bado. Lakini usiwe na wasiwasi, tulishamsamehe."

"Mmemsamehe kosa gani?"

"Makelele yenu."

"Tumepiga makelele lini, mzee?"

Okuzawa alicheka. Alisema ndiyo maana radhi ya mapema ndiyo nzuri, mtu anakuwa hajaudhika bado. Kisha akauliza kama wameshaanza kutafuta kazi, maana mwezi wa kumi si mbali.

Tamaki alirudi nyumbani na mfuko wa takataka bado mkononi. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa jikoni na mama, tunamenya biringanya. Chizuru alikuwa mezani anabadilisha nyuzi za gitaa. Dada aliuweka ule mfuko juu ya meza, katikati ya biringanya, na hakuna aliyethubutu kuuondoa.

"Mama, umeniombea radhi kama mwizi."

Mama hakuinua macho. Alisema amemtengenezea njia.

"Njia ya wapi? Ya kutafuta kazi mwezi wa kumi? Umewaahidi kwamba nitaacha?"

"Nimewaahidi kitu ambacho wangekisahau wenyewe, kama usingebandika karatasi darajani."

Chizuru alijaribu kusema kwamba labda wangeweza kufunga madirisha ya upande wa barabara. Tamaki alimwambia anyamaze. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulibeba?"

"Nilibeba."

"Mangapi?"

"Kumi na moja."

Akacheka kicheko kibaya, kifupi, akatoka. Mama aliendelea kumenya. Alimenya biringanya moja mpaka ikabaki ndogo kama kidole.

Hasira ile haikuzaliwa Alhamisi. Tamaki alipokuwa na miaka kumi na minne alipanga makopo ya mafuta nyuma ya nyumba na kuyapiga kwa vipini vya mafagio, na mama akapita na keki. Alipokataa kwenda kufanya kazi kwenye ofisi aliyotafutiwa na mjomba, mama akapita na keki. Hata alipoondoka kwenda Ubelgiji mama alipita, akiomba radhi kwamba binti yake anaondoka, kana kwamba kuondoka kwake nako kungewaamsha watu usingizini. Dada alikua akijua kwamba kila afanyapo jambo, mgongo wa mama unainama mahali fulani mtaani. Aliwahi kuniambia kwamba akiwa kwenye ngoma, akifumba macho, anauona ule mgongo.

Kule Ghent jirani wa chini alipanda ngazi akiwa na nguo za kulalia na kumtukana. Tamaki akamtukana pia, kwa lugha aliyoijua nusu. Kesho yake walikutana mlangoni, yule mtu akamwambia apige mwisho saa mbili usiku, wakakubaliana, na baada ya hapo walikuwa wakinywa kahawa pamoja. Alizoea ugomvi unaoisha. Wa kwetu hauanzi, kwa hiyo hauna pa kuishia. Hilo alikuwa amelisahau, au labda alilikumbuka na akaona ni wakati wa kulivunja.

Ijumaa asubuhi alivaa shati safi na kwenda mlango kwa mlango. Hakwenda na kitu mkononi. Chizuru alimfuata mpaka getini na kumuuliza kama anajua anachokifanya.

"Nafanya wanachofanya watu wazima."

"Watu wazima wa wapi?" Chizuru aliuliza.

Kwenye kila nyumba Tamaki alisema maneno yaleyale. Mama yangu aliwaomba radhi kwa niaba yangu. Sikumtuma. Naifuta radhi ile. Jumapili saa nane tunapiga, na mnakaribishwa wote. Aliamini anamwinua mama mgongo. Nina hakika aliamini hivyo, kwa sababu alirudi uso unang'aa, akasema hakuna hata mmoja aliyekasirika. Walimsikiliza wote, wakaitikia kwa kichwa, wakasema wameelewa. Bibi Kuwabara mwenye miaka tisini, asiyesikia hata ngurumo, alimshukuru sana na kubaki akitazama mikono yake, akingoja boksi.

Sikuweza kumwambia alichokifanya, kwa sababu kwetu sikuwahi kuona mtu akikifanya. Watu huomba radhi. Wakati mwingine huchelewa kuomba, na hilo hukumbukwa miaka ishirini. Lakini kuichukua radhi ambayo mama yako ameshaitoa, na watu wameshaila na chai, jina lake silijui.

Jumamosi asubuhi maboksi yakaanza kurudi.

Hayakuwa yale ya mwezi wa nne, bila shaka; yale yalishaliwa. Majirani walikwenda kwenye duka lile la darajani na kununua mengine yaleyale, karatasi ya zambarau, uzi mweupe. Radhi imefutwa, basi hawawezi kubaki na keki yake. Alikuja wa kwanza saa tatu. Aliweka boksi kwenye ngazi ya mlango, akasema samahani, tumekaa nalo muda mrefu mno, akainama, akaondoka. Aliomba radhi kwa kurudisha radhi. Wa pili alimpita yule wa kwanza getini, na hawakutazamana. Mpaka saa sita yalikuwa manane. Bibi Kuwabara alimtuma mkwewe. Saa nane Okuzawa akaleta la kwake, la kumi na moja, na baadaye nilisikia kwamba duka lilifunga mapema kwa sababu keki ziliisha.

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni mlangoni, anapokea moja moja kwa mikono miwili, anainama, anaweka pembeni. Nilimwambia aingie ndani, mimi nitapokea. Alisema maboksi ni yake.

Okuzawa alipoondoka, Tamaki akatoka bandani na bendeji za kupigia ngoma kwenye vidole. Aliliona lile rundo la zambarau. Nilimwona akihesabu kwa macho, na nikaona anaelewa.

Mama alianza kusema bila kugeuka. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Miaka arobaini na sita nimepita njia hii. Kila mwaka mpya, nyumba kumi na moja. Mashine nane, masaa kumi kila siku. Mlidhani watu walizivumilia kwa sababu ni kazi? Nilizilipia kwa mgongo huu. Wewe ulilala kwenye kelele zile kwa sababu mimi nilikuwa nimeziombea."

"Na mashine zao?" Tamaki aliuliza. "Wao hawakuwa na kelele?"

"Walikuwa nazo. Nao walikuja kwangu, kila mwaka, na maboksi yao. Nikayapokea. Sikurudisha hata moja." Aliweka mkono juu ya boksi la mwisho. "Hata la huyu. Rangi yake ilipoingia kwenye kisima chetu, mkaharisha wiki mbili, wewe na Fumino, alikuja na keki. Nikazila. Nikamwambia hakuna neno."

Mimi ninamjua mama akiwa na huzuni, na ninamjua akiwa amechoka. Uso niliouona siku ile sikuujua. Alikuwa amekaa anautazama mkono wake juu ya ile karatasi, na shingo yake ilikuwa ikiwa nyekundu polepole, kutoka chini kwenda juu.

"Arobaini na sita," alisema tena. "Na wao imewachukua siku moja kurudisha yangu."

Alishika ukuta na kusimama. Tamaki alikwenda kumsaidia, akaanza kusema, mama, basi unaona mwenyewe.

"Usiniguse," mama alisema. "Wewe umenivua nguo mbele ya mtaa. Hilo sijalimaliza na wewe, na sijui kama nitalimaliza." Alivuta pumzi. "Kesho ni saa nane?"

"Ukiruhusu. Banda ni lako."

"Pigeni. Madirisha wazi."

Akapita kati yetu akaenda chumbani na kufunga mlango wa kuteleza, wa karatasi, taratibu, bila kuugonga. Tamaki alibaki amesimama. Alikuwa amepata banda, bila masharti ya mtu yeyote, na hakuweza hata kutabasamu. Alirudi kule nyuma, na muda mfupi baadaye nikamsikia akipiga ngoma moja tu, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua haufunguliwi.

Jumapili wageni walikuja na treni ya saa saba, kama ishirini hivi, wengi wakiwa watu wa umri wetu, wamevaa fulana nyeusi zilizofifia. Walipita mtaani wakisalimia, na hakuna aliyewaitikia. Joto lilikuwa la kufa. Chizuru aliniambia hakuogopa hivi hata siku yao ya kwanza Ghent. Hakuna jirani aliyekuja. Nilikuwa nimeyapanga maboksi kwenye kabati, na mama alikuwa ameniambia niyaache hukohuko, hawezi kumlisha mgeni hasira ya mtu mwingine.

Saa nane kasoro dakika tano mama alitoka akiwa na aproni yake ya bluu ya kazini, imepigwa pasi. Hakwenda bandani. Alikwenda getini na kusimama akitazama njia, miguu imepanuka kidogo, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mashine. Nilimpelekea mwavuli wa jua. Akaukataa. Nikasimama naye.

Nyuma yetu gitaa lilianza, na hewa yote ikachanika. Kisha ngoma. Niliona maji yakitikisika kwenye mtungi wa maua wa jirani. Mtaani, mbao za madirisha zikaanza kufungwa, nyumba moja baada ya nyingine, mchana kweupe, kwenye joto lile, kama watu wanaojiandaa kwa kimbunga. Hata kwa Bibi Kuwabara zilifungwa, na yeye hasikii chochote. Mama alizitazama zote zikifungwa.

Mzee Okuzawa peke yake alitoka. Alishuka mpaka katikati ya njia, hatua chache kutoka kwetu, akasimama na mikono nyuma. Alikuwa anangoja mama ainame. Angeinama, hata kidogo, hata shingo tu, mambo yote yangerudi mahali pake. Yeye angeitikia kwa kichwa na kwenda, na mwaka mpya maboksi yangezunguka kama kawaida. Wote watatu tulilijua hilo.

Mama hakuinama. Alimtazama usoni. Nilisikia joto likinipanda, na kabla sijaamua lolote shingo yangu yenyewe ikaanza kushuka, jinsi ilivyofundishwa. Mkono wa mama ukanishika blauzi nyuma, chini ya shingo, ukanivuta juu. Ulikuwa na nguvu ambayo sikujua bado anayo. Kola ilinikaba.

Okuzawa alingoja. Jasho lilimshuka kwenye sikio lenye kifaa chake cha kusikilizia. Mwishowe akageuka, akapanda njia taratibu, akaingia kwake, na mbao zake nazo zikafungwa.

Ngoma zilisimama. Watu ishirini walipiga makofi, na makofi yao yalisikika machache sana. Kisha gitaa likaanza tena.

"Wimbo wa ngapi huo?" mama aliuliza. Hakuwa ameniachia blauzi.

"Wa pili."

"Zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Basi simama vizuri," alisema.